Mlango wa Radi

Mwanamuziki wa roki tuliyemwita Radi amepiga katika mji wetu mara tano, na mara zote tano alisimama juu ya mlango wa nyumba yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani natania.

Mimi ni fundi seremala. Elimu ya darasani niliipata ukubwani, katika masomo ya jioni, nikiingia na maranda ya mbao kwenye nywele. Huko nilijifunza, pamoja na mengine mengi, kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba kitu chenye uwazi ndani huikuza. Lakini Radi alipokuja mara ya kwanza nilikuwa bado sijafika kwenye somo hilo.

Jukwaa la ukumbi wa jamii lilikuwa limeliwa na mchwa. Mwenye onyesho alikuja karakana kwangu asubuhi ya siku yenyewe, jasho linamtiririka, anataka jukwaa jingine kabla ya jioni. Mbao sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni milango ya shule, imeegemezwa ukutani ikimsubiri mwalimu mkuu. Milango ya plaiwudi pande mbili, ndani mitupu, isipokuwa vipande vichache vya kuishikilia isibonyee. Nikailaza juu ya makreti ya soda, nikaibana pembeni bila kuitoboa, nikamwambia mwenye onyesho asimruhusu mtu mnene kupanda.

Radi hakuwa mnene. Alikuwa kijana mwembamba kama fito, mwenye gitaa la kuazima na buti zilizomzidi miguu. Katika wimbo wa pili mpiga ngoma wake alipotea njia, na Radi kwa hasira akapiga kisigino chini ili kumrudisha. Mlango ukaitika. Haukuwa mlio wa ngoma wala wa mbao. Ulikuwa kama mtu mkubwa anagonga, anataka kuingia. Radi akasimama, akatazama chini, akapiga tena. Ukumbi mzima ukainuka. Kuanzia hapo hakumhitaji tena mpiga ngoma katika wimbo ule, na wimbo wenyewe ndio uliomfanya ajulikane hata kwa watu ambao hawajawahi kufika mjini kwetu.

Kesho yake mwalimu mkuu alichukua milango yake yote akaacha mmoja, ule wenye kovu la kisigino. Alisema shule si mahali pa milango iliyopigwa mateke. Mimi nilikuwa nimetoka kuezeka nyumba yangu na nilikuwa naweka pazia mlangoni, kwa hiyo sikubishana naye. Nikautia kitasa na komeo, nikauning'iniza.

Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, aliutazama akasema, "Kwa hiyo shule imeukataa, mimi nimepewa."

Nikamwambia ni mlango wa historia. Akasema historia yenyewe mbona nyepesi hivi, mwizi ataupuliza tu.

Radi aliporudi alikuwa na jina, na onyesho lilikuwa kwenye jumba la sinema. Akatuma mtu kuniuliza kama ule mlango bado upo. Nikaufungua bawaba, nikaupakia kwenye mkokoteni, nikausindikiza kwa miguu kama anayesindikiza bibi harusi. Aliporudi tena ilikuwa uwanja wa mpira, na mvua ilinyesha mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna aliyeondoka. Mara ya nne ilikuwa kwenye hoteli kubwa, watu wamevaa suti, na mwenye hoteli alitaka mlango ufunikwe zulia. Radi akalifunua zulia kwa ncha ya kiatu, akalisukuma hadi kwenye meza ya wageni wa heshima.

Kabla ya onyesho la hoteli nilikuwa nimemtengenezea mlango mwingine, vipimo vilevile, plaiwudi ileile, ili wa nyumbani upumzike. Alipanda, akapiga kisigino, akatikisa kichwa.

"Fundi, huu haujaishi na watu," alisema.

Nikamweleza kwamba tofauti ni gundi, kwamba gundi ya ule wa zamani imekauka na mbao zimenyauka, ndiyo maana unalia vizuri zaidi.

"Basi ndiyo hiyo hiyo ninayoisema," akajibu.

Ule mpya nikauuza wiki ileile. Mke wangu hadi leo huniuliza kwa nini sikuuning'iniza kwetu, tukamwachia Radi huo wake. Jibu ni kwamba mnunuzi alikuja haraka, nami niliuona mlango wa nyumba yangu kuwa mlango wa nyumba yangu.

Yote haya nilimsimulia mtangazaji wa redio, msichana mwerevu mwenye miwani, aliyekuja nyumbani zilipotangazwa habari za onyesho la tano. Radi alikuwa ameumwa sana. Ilijulikana kwamba hili la tano ndilo la mwisho, kwamba lingefanyika kwenye ukumbi uleule wa jamii alikoanzia, na kwamba lingeanza mchana na kwisha kabla ya giza kwa amri ya daktari. Ilijulikana pia kwamba hakuruhusu lirushwe hewani. Anayetaka na aje, alisema.

Mtangazaji aliweka kinasa sauti mezani.

"Mzee, nasikia wewe ndiye mtu pekee mjini hapa aliyehudhuria maonyesho yote ya Radi."

"Si kusikia, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

"Basi siku hiyo, kabla Radi hajapanda, tutakuita wewe jukwaani. Useme maneno machache."

Nilimjibu kwamba maneno machache si tabu. Moyoni nilikuwa tayari nimeshaanza kuyapanga.

Mke wangu alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona kifungo. Alifanya kazi ya ufumaji katika kiwanda cha nguo hadi alipostaafu, na mitambo ile ilimla masikio. La kushoto lilikwisha zamani. La kulia daktari alisema lipo njiani, na hakutaja linafika lini.

"Anasema nini?" akauliza kwa sauti ya juu, kama wanavyosema watu wa kiwandani.

"Anauliza habari za maonyesho! La sinema!"

"La sinema? Hilo nalikumbuka vizuri sana."

Nikacheka. Nikamwambia mtangazaji, "Hakuwepo huyu."

"Nilikuwepo," alisema mke wangu. "Nilikuwepo hapa. Ambao haukuwepo ni mlango." Akamgeukia mtangazaji. "Niliziba pengo kwa cherehani, mwanangu, mtoto mgongoni. Akaja mlevi, akaisogeza cherehani, akaketi kwenye kiti hicho ulichokalia, akavua viatu. Akaniambia, dada, niletee maji, nimechoka. Alidhani amefika kwa dada yake."

Mtangazaji akajisogeza kidogo kwenye kiti.

"Ukafanya nini, mama?"

"Nikampa maji. Ningefanya nini? Akalala. Huyu bwana aliporudi anaimba, akamkuta mwanamume anakoroma sebuleni. Siku hiyo ndiyo alijua kwamba nyumba haina mlango."

"Na onyesho la uwanjani?"

"Ah, la mvua! Maji yaliingia yakafika uvunguni. Nilifagia mpaka mikono ikafa ganzi. Mwenzangu akarudi amelowa, macho yanang'aa, akaniambia: leo mvua imependeza sana."

Mtangazaji alicheka hadi akavua miwani. Kisha akakisogeza kinasa sauti upande wa dirishani, taratibu, bila kuniomba ruhusa.

Msomaji atauliza kwa nini haikuwa rahisi kufunga nyumba na kwenda. Tangu mlevi yule, kila mara nilikuwa na bamba la plaiwudi la kuziba pengo, lakini bamba hilo hubanwa kwa gogo kutoka ndani. Lazima awepo mtu wa kulibana na kulibandua. Majirani je? Majirani walikuwa kwa Radi, kwa tiketi za bure, kwa sababu kila alipokuja aliutumia mtaa wetu tiketi kama shukrani ya mlango.

Safari hii tiketi zililetwa na kinyozi wa jirani, tunayemwita Wembe. Alizipunga hewani tangu barabarani.

"Fundi! Mtaa mzima tunakwenda. Hata mimi nafunga saluni, wenye ndevu watanisamehe. Hizi mbili ni zenu."

Ziliwekwa mezani. Mke wangu akachukua moja, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja, akaichomeka kwenye mkunjo wa kilemba chake.

"Safari hii nami naenda," alisema.

"Na nani atakaa na mlango?" nikauliza.

"Mlango si unakwenda? Linalobaki ni tundu. Tundu akae nalo mwingine."

Wembe alisema amekumbuka kuna mteja kwenye kiti, akatoka.

Tulikaa siku kadhaa tukisemezana kwa mambo ya lazima tu: chumvi, funguo, nani kaacha taa. Nilimpigia simu binti yetu wa mwisho, ambaye sisi humwita Kitinda ingawa sasa ni mama wa watu, anayefanya kazi mji mwingine. Nilitegemea angeniunga mkono, kwa sababu ndiye aliyerithi kupenda vitabu.

"Baba, wekeni mlinzi."

"Nimweke mtu nisiyemjua katikati ya vitu vyangu, halafu mimi niende nikakae roho juu?"

"Basi nunueni mlango mwingine."

"Kwa ajili ya mchana mmoja? Na fremu ile niliichonga kwa mlango ule. Mwingine hauingii bila kuichokoa, na siku hizi mkono wangu ukishika patasi unacheza."

"Baba, wewe umekwenda mara nne. Mama ana sikio moja."

Nikamweleza habari za kuitwa jukwaani. Nikamweleza kwamba mtu aliyehudhuria yote ni tofauti na mtu aliyehudhuria yote kasoro moja, kama vile ukuta uliokamilika ulivyo tofauti na ukuta uliobakiza tofali. Redio ilishatangaza. Watu walishaanza kunisimamisha njiani na kuniita Mzee wa Radi.

"Nimekuelewa," alisema Kitinda, kwa sauti anayoitumia asipotaka kubishana na mimi. "Msalimie mama. Usimame upande wa kulia ukimsalimia."

Siku ya onyesho nilianza kazi asubuhi. Niliondoa kitasa, nikaondoa komeo, nikazifungua skrubu za bawaba moja moja. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, na hotuba yangu ilikuwa kichwani, aya tatu, hakuna neno la kupoteza. Mwanga uliingia ndani kwa mkupuo, kama unavyoingia kila mara mlango huo unapotoka, ukaonyesha vumbi lote la mwaka.

Jikoni birika lilianza kupiga mluzi. Niliendelea na skrubu. Mluzi ukapanda. Nikaita, "Mama, birika!" Ukapanda zaidi, ule mluzi unaoingia mpaka kwenye meno. Nikaweka bisibisi chini, nikaenda.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya jiko, karibu kiasi kwamba mvuke ulikuwa unamgusa mkono wa kushoto. Alikuwa akikipiga brashi kiatu cha kulia, kingine kikisubiri mezani. Viatu vyenye kisigino, vya harusi ya Kitinda. Alikuwa akiguna wimbo. Ulikuwa ule wimbo wa Radi, ule wa mlango, na alikuwa akiukosea, kwa sababu aliujifunza kwenye redio na redioni ule mdundo wa kisigino husikika kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Nikaliondoa birika motoni. Ndipo akageuka.

"Limechemka?"

"Muda mrefu."

Alinitazama usoni kuona kama nimekasirika. Nilihamia upande wake wa kulia.

"Vaa viatu vya chini," nikamwambia. "Jukwaa lile lina ngazi mbaya, na wewe utakaa mbele."

Alivirudisha vile viatu vya kisigino kwenye boksi lake, akaenda kutafuta vingine, na nilimsikia chumbani akifungua na kufunga kabati mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Wembe alikuja na gari la kubebea mizigo. Tukaulaza mlango juu ya magodoro. Mke wangu akapanda mbele, mkoba magotini, mgongo umenyooka.

"Fundi, panda basi!" Wembe alisema. "Unasubiri kuimbiwa?"

"Nendeni. Mimi nina kazi."

"Kazi gani leo?"

"Nakaa."

Wembe alimtazama mke wangu, akanitazama mimi na shati langu jeupe. Akawasha gari.

Sikulibana lile bamba. Mchana ule ulikuwa na joto, nami niliona haya kujifungia ndani kama kuku. Niliweka kiti katikati ya pengo, nikakaa na kitabu.

Mtaa ukaisha watu. Saluni ilifungwa, duka lilifungwa, hata yule mama wa kuuza mkaa alikuwa amefunika magunia yake. Sikuwahi kuuona mtaa wangu hivyo, kwa sababu kila mara ulipokuwa hivyo mimi nilikuwa pamoja na wengine kule. Nilisoma ukurasa mmoja mara nyingi. Wapita njia, wale wachache, hawapiti tu mbele ya nyumba isiyo na mlango. Wanatazama ndani, halafu wanakutazama wewe, halafu wanatazama tena ndani. Mmoja aliniuliza kama nyumba inauzwa. Mwingine aliniuliza kama kuna msiba. Kuku wa jirani aliingia, nikamfukuza, akaingia tena kana kwamba tumekubaliana.

Halafu nikataka kwenda haja. Choo chetu kiko uani. Nilisimama, nikatazama pengo, nikatazama ua, nikakaa. Nikasimama tena. Mwishowe nilikwenda mbio, mimi mtu mzima wa heshima zangu, nikarudi nimeshika mkanda mkononi. Kuku alikuwa juu ya meza. Nilifikiria onyesho la uwanjani, lililochukua jioni nzima, na mke wangu hapa na watoto wawili na ufagio.

Ukumbi uko mbali na kwetu. Nilijua siwezi kusikia chochote. Hata hivyo, ulipofika wakati ambao kwa hesabu yangu Radi angekuwa anapanda, nilifunga kitabu, nikatega sikio. Upepo ulisukuma bati mahali fulani. Niliisema hotuba yangu polepole, aya zote tatu, kwa kuku. Ilikuwa hotuba nzuri. Lakini niligundua kwamba katika aya zote tatu hamkuwa na nyumba, mlikuwa na mlango tu.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la saluni gari liliporudi. Watu walikuwa wamejaa nyuma, wote wanazungumza kwa mpigo. Walishusha mlango wakauweka mbele ya nyumba, wakaniambia, "Pole, fundi," na "Fundi, umekosa," wakatawanyika. Mke wangu alishuka wa mwisho. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

Nilimletea kiti. Nikakaa kulia kwake.

"Haya. Alianza na upi?"

"Nini?"

"Wimbo! Alianza na wimbo gani?"

"Sijui, bwana. Zote zina kelele." Akatafakari. "Amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba, kola inamzunguka. Walimletea kiti akakikataa. Ana mtu wa kumfunga kamba za buti."

"Na wapiga gitaa walikuwa wangapi? Alitumia spika za ukumbi au alikuja na zake?"

"Fundi, mimi nilikuwa natazama miguu."

Akaendelea mwenyewe.

"Yule msichana wa redio alikuita kwa jina lako la Mzee wa Radi. Nikasimama mimi. Akashangaa, akaniuliza, mzee yuko wapi? Nikasema, yuko nyumbani, amekaa kwenye tundu. Watu wakacheka. Radi hakucheka. Alisema nipandishwe. Wakaniweka pale pale, kando yake, kwenye benchi. Akainama kwenye sikio, la kushoto, nikamwonyesha la kulia. Akasema, vua viatu, mama, uweke miguu juu ya mlango."

"Ukaweka?"

"Nikaweka."

"Ukausikia?"

Aliinuka, akaenda kwenye mlango uliolala chini. Wembe na wenzake walikuwa wameulaza juu ya vipande viwili vya mbao, kwa bahati tu, ili usiguse udongo. Akashika bega langu, akapanda juu yake, miguu mitupu, akasimama karibu na kovu la zamani.

"Si kama wa redioni," alisema. "Redioni anapiga mbili. Kumbe ni mbili, halafu anangoja, halafu moja ndogo. Hivi."

Akanyanyua kisigino chake, akapiga.

Nilikuwa nimeusikia mlango ule ukumbini, kwenye jumba la sinema, kwenye mvua, na kwenye hoteli ya wenye suti. Haukuwa mlio uleule, kwa sababu kisigino kilikuwa kitupu na aliyepiga ni bibi mwenye magoti mabovu. Ulikuwa wa chini zaidi, na ulipita kwenye ardhi ukafika hadi kwenye miguu ya kiti changu. Mbili. Akangoja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Halafu moja ndogo.

"Umeusikia?" akaniuliza.

"Rudia."

Akarudia. Alirudia wimbo mzima, akiguna pale asipojua maneno, na safari hii hakuukosea. Wembe alitokea upande wa pili wa barabara, akasimama na ufunguo wa saluni mkononi bila kufungua.

Alipomaliza nilimpa mkono ashuke. Nikachukua bisibisi na zile skrubu nilizozifunga kwenye leso. Akanishikilia mlango usimame wima, kama alivyonishikilia siku ile ya kwanza akiwa na tumbo, nami nikaanza na bawaba ya juu, kwa sababu mbu walikuwa wameanza kuingia.